Mtaa wa Jela ya Zamani: Soko la Vitu vya Kale mjini Versailles

Mtaa wa wauza vitu vya kale wa Versailles uko kaskazini ya ikulu ya wafalme wa Ufaransa, katika eneo la Notre-Dame, mahali panapofikika kwa miguu bila haraka kutoka lango kuu la ikulu. Watalii wengi hawafiki huko. Hushuka kwenye treni, hufuata barabara pana mpaka ikulu, hupanga foleni, huzunguka kumbi na bustani, na jioni hurudi Paris. Anayekata kulia kabla ya lango hukuta mji wa watu wanaoishi: mabucha, maduka ya jibini, soko la mboga na samaki, na pembeni mwa soko hilo vichochoro vilivyotandikwa mawe ambamo kila dirisha linaonyesha kiti, saa au kioo kilichotumiwa na watu waliokufa zamani.

Kiini cha mtaa huo ni Passage de la Geôle, kichochoro kilichopata jina kutokana na jela. Mbele yake linasimama jengo la Bailliage, mahakama ya kifalme iliyojengwa mwaka 1724 kwa michoro ya Jacques Gabriel, baba wa msanifu mashuhuri zaidi, Ange-Jacques Gabriel, aliyebuni Petit Trianon. Mahakama na jela vilikaa ubavu kwa ubavu, kama ilivyokuwa kawaida enzi zile. Kesi zilipohamishiwa kwingine, majengo yaliendelea kutumika kwa hili na lile, na katika karne ya 20 yakaingia mikononi mwa wauza vitu vya kale. Kuta nene, vyumba vidogo na ngazi nyembamba, vyote vilivyomchosha mfungwa, vimemfaa mfanyabiashara ambaye hahitaji ukumbi mkubwa bali kona nyingi za kupangia bidhaa.

Mji wenyewe ulipangwa na mfalme. Mwaka 1671 Louis wa 14, akijiandaa kuhamishia serikali Versailles, alitangaza kugawa viwanja bure kwa yeyote atakayejenga. Mwenye kiwanja alilipa ushuru mdogo wa mwaka na kutakiwa kufuata ramani na sura ya majengo iliyowekwa. Baraza zima la kifalme lilihamia rasmi tarehe 6 Mei 1682, na maelfu ya watu wakalifuata: makarani, wapishi, walinzi, mafundi, wafanyabiashara. Eneo la Notre-Dame ndilo lililowapokea kwanza. Kanisa lake la parokia lilijengwa na Jules Hardouin-Mansart, msanifu yuleyule wa ikulu, kati ya mwaka 1684 na 1686. Soko lake lilikatwa na njia mbili zinazopishana, likagawanyika viwanja vinne ambavyo mpaka leo vinaitwa kwa bidhaa zilizouzwa humo: kiwanja cha samaki, cha mboga, cha unga, na cha shayiri ya farasi. Majengo ya soko yanayoonekana sasa ni ya mwaka 1841. Kiwanja cha samaki, Carré à la Marée, ndicho kinachopakana na jela ya zamani, na asubuhi za Jumanne, Ijumaa na Jumapili, soko la wazi linapofanyika, harufu ya samaki hufika mpaka kwenye meza za mbao za waridi.

Ukaribu huo na ikulu una historia ya mnada. Tarehe 6 Oktoba 1789 umati uliotoka Paris uliichukua familia ya kifalme, na haikurudi tena kuishi Versailles. Ikulu ilibaki na samani zake. Baada ya ufalme kufutwa, bunge la mapinduzi liliamua mwezi Juni 1793 kwamba mali iliyomo katika nyumba za wafalme iuzwe. Mnada ulianza tarehe 25 Agosti 1793 na kuendelea karibu mwaka mzima, hadi tarehe 11 Agosti 1794. Mafungu 17,182 yalipita mbele ya madalali. Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na vitanda, mapazia, viti, meza za kamari, vioo, masufuria ya jikoni na viti vya choo. Matangazo yaliyobandikwa ukutani yaliwaahidi wanunuzi kwamba vitu hivyo vinaweza kupelekwa nchi za nje bila ushuru. Taifa lilikuwa vitani na lilihitaji fedha, na hapakuwa na wengi waliokiona kiti cha malkia kuwa urithi wa kulindwa.

Baadhi ya wanunuzi walikuwa mafundi waliovitengeneza vitu hivyo. Jean-Henri Riesener, seremala mzaliwa wa Ujerumani aliyemhudumia Louis wa 16 na Marie-Antoinette, alinunua tena baadhi ya kazi zake akitumaini kuziuza kwa faida. Hakufanikiwa. Wateja wake walikuwa wamekimbia nchi au wameuawa, na mtindo ulikuwa umeshageuka. Walionufaika ni wageni na mawakala wao. Gouverneur Morris, balozi wa Marekani wakati huo, alinunua samani zilizotoka katika nyumba za kifalme na kuzisafirisha kwao. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza waliendelea kuzikusanya, na ndiyo maana leo samani nzuri kabisa za Versailles zinaonekana zaidi London, katika Wallace Collection, kuliko katika miji mingi ya Ufaransa.

Ikulu tupu ilifanywa jumba la makumbusho mwaka 1837. Kwa msomaji wa Tanzania jina la Versailles lina uzito wa namna nyingine, kwa kuwa mkataba uliotiwa saini katika Ukumbi wa Vioo tarehe 28 Juni 1919 ndio ulioipokonya Ujerumani makoloni yake, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwemo. Kifungu cha 246 cha mkataba huo kiliitaka Ujerumani ikabidhi kwa Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini: fuvu lilirudi mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa, baada ya kuchaguliwa miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen. Kujua kitu fulani kilitoka wapi na kilipitia mikono ya nani ni kazi ngumu hata pale mataifa yanapoamuru.

Kwa samani za kifalme kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya daftari. Ofisi iliyoitwa Garde-Meuble, bohari la samani la mfalme, iliandika tangu karne ya 17 kila kitu kilichoingia: namba yake, aina ya mbao, vipimo, jina la fundi, na chumba kilikopelekwa. Namba hiyohiyo iliandikwa kwa wino au rangi chini ya kitu chenyewe. Samani za Versailles zilichomwa pia alama ya V mbili zilizopishana chini ya taji, zikisomeka kama W. Mnada wa 1793 ulitawanya vitu, lakini madaftari yalibaki. Katikati ya karne ya 20 mtafiti wa makumbusho ya Louvre, Pierre Verlet, alianza kulinganisha namba za madaftari na namba zilizofifia chini ya meza na viti vilivyotawanyika duniani. Kabati lililokuwa likiuzwa kama kazi nzuri ya zamani, pasipo jina, likawa kabati la chumba fulani, la mwaka fulani, la mtu fulani. Gerald Van der Kemp, aliyeisimamia ikulu kuanzia 1953 hadi 1980, alitumia ujuzi wa aina hiyo kuirudishia samani zake. Meza maarufu ya kuandikia ya Louis wa 15, iliyoanzwa na Jean-François Oeben mwaka 1760 na kumaliziwa na Riesener mwaka 1769, haikuwahi kuuzwa. Ilihamishiwa Paris na ilirejea mahali pake mwaka 1957.

Maduka ya Passage de la Geôle hayauzi meza za namna hiyo, na anayekwenda akitarajia hazina ya Marie-Antoinette atarudi mikono mitupu. Yanauza vile ambavyo mji wa watumishi wa mfalme, na baadaye mji wa maofisa wa jeshi, mahakimu na wastaafu wenye pensheni, ulivirithisha kizazi hadi kizazi. Kuna kabati za droo tatu za karne ya 18 zenye kifuniko cha marumaru, viti vya mikono vilivyofumwa migongo kwa henzirani, saa za mezani zilizotiwa dhahabu, sahani za udongo za Rouen na Nevers, picha zilizochapwa kwa bamba la shaba, masufuria, vitabu vyenye jalada la ngozi, vijiko vya fedha vinavyouzwa kimoja kimoja. Fedha ya Ufaransa ni rahisi kuikagua kuliko bidhaa nyingine yoyote mtaani: tangu mwaka 1838 imekuwa ikigongwa muhuri wa kichwa cha mungu Minerva, na lenzi ndogo inatosha.

Bidhaa mbili ni za jirani kabisa. Ya kwanza ni kauri ya Sèvres, kiwanda cha kifalme kilichohamia mwaka 1756 katika mji ulio njiani kati ya Paris na Versailles. Alama yake ni herufi L mbili zilizopishana, na katikati yake herufi ya mwaka, mfuatano ulioanza na A mwaka 1753. Alama hiyo imeigwa kuliko nyingine yoyote, kiasi kwamba wauzaji wazoefu huitazama mwisho, baada ya kupima kwanza uzito, rangi na mkono wa mchoraji. Ya pili ni kitambaa cha pamba kilichochapwa picha za mashamba, ndege na wachungaji, kutoka kiwanda alichofungua Christophe-Philippe Oberkampf mwaka 1760 huko Jouy-en-Josas, kijiji jirani. Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku pamba za kuchapwa kuanzia 1686 hadi 1759 ili kuwalinda wafumaji wa hariri na sufu dhidi ya nguo za India, nguo za ukoo uleule na zile ambazo majahazi ya Gujarati yalikuwa yakizileta kwa wingi pwani ya Uswahilini. Kiwanda cha Jouy kilifungwa mwaka 1843. Vipande vyake halisi sasa ni vichache, na vingi vinavyoning'inia madukani ni vya mashine za baadaye.

Wauzaji wenyewe ni wa ngazi mbili, na bei hufuata ngazi. Yupo anayenunua nyumba nzima ya marehemu na kuchambua vilivyomo asubuhi kama mfanyabiashara wa mtumba anavyochambua robota, akiuza haraka kwa bei ndogo bila maelezo mengi. Na yupo mtaalamu mwenye fani moja, labda saa, labda viti vya karne ya 18, ambaye huvisafisha, huvitafiti, huandika cheti na kukisimamia. Wa kwanza humuuzia wa pili. Kitu kinaweza kuvuka uchochoro asubuhi na mchana kikawa na bei maradufu, na hakuna aliyemwibia mwenzake: kilichoongezeka ni jina, tarehe na dhamana.

Ujuzi wa mtaalamu huonekana anapokipindua kiti. Mnunuzi mgeni hutazama nakshi za mbele. Mzoefu hukilaza chali. Fremu ya kiti cha Kifaransa cha karne ya 18 haina ulazima wa kuwa laini kwa chini. Fundi alipiga randa pale panapoonekana na kuacha alama za zana pasipoonekana, na alama za msumeno wa mkono huenda upogo, si mviringo kama za msumeno wa mashine ya karne ya 19. Miguu ya nyuma inapaswa kulika kuliko ya mbele, maana watu huegemea. Meza ya duara ya zamani si duara kamili, kwa kuwa ubao husinyaa kwa upana na si kwa urefu. Anayepitisha kipimo mara mbili, kwa kufuata nyuzi za mbao na kwa kuzikata, akakuta vipimo vinalingana sawasawa, ana sababu ya kushuku. Matundu ya bungua husema pia. Mdudu huyo hutoboa ndani ya ubao na kutokea kwa tundu dogo la duara. Kama uso wa ubao unaonyesha mifereji mirefu badala ya vitundu, maana yake ubao ulichanwa baada ya kuliwa, yaani fundi wa leo ametumia mbao kuukuu kutengeneza kitu kipya.

Kwenye kabati, mkono huenda kwenye droo, kupima unene wa mbao za juu. Njumu na mbao za thamani zilizobandikwa juu zilichanwa zamani kwa msumeno, kwa hiyo zina unene wa milimita moja, mbili au zaidi. Za baadaye, zilizokatwa kwa kisu cha mashine, ni nyembamba kama karatasi ngumu. Kioo cha zamani kilipakwa bati na zebaki nyuma yake, mchanganyiko uliowadhuru mafundi na ulioachwa katika karne ya 19 baada ya kupatikana njia ya kutumia fedha. Taswira yake ni ya kijivu na laini, yenye madoa yanayometameta. Kioo cheupe mno ndani ya fremu ya Louis wa 15 kwa kawaida kimebadilishwa. Hilo si kosa, ila bei iseme hivyo.

Halafu kuna muhuri wa fundi. Kanuni za chama cha maseremala wa Paris, zilizotungwa mwaka 1743, zilimtaka kila fundi mkuu kugonga jina lake kwenye kazi yake, mahali pasipoonekana: chini ya fremu ya kiti, au juu ya nguzo ya kabati chini ya marumaru. Ukaguzi wa chama uliongeza herufi JME. Mafundi waliofanya kazi moja kwa moja kwa mfalme hawakubanwa na sharti hilo, na vyama vyote vilifutwa mwaka 1791. Kwa hiyo kukosa muhuri si ushahidi wa ughushi, na kuwa na muhuri si ushahidi wa uhalali. Chuma cha kugongea jina hutengenezwa kwa urahisi, na ndicho kitu cha kwanza mghushi hujipatia.

Sheria ya Ufaransa imejaribu kuliweka hilo sawa kupitia maneno ya risiti. Kwa amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981, muuzaji akiandika kwamba kiti ni cha enzi ya Louis wa 16, amedhamini kwamba kilitengenezwa enzi hiyo, na sehemu zilizoongezwa baadaye lazima zitajwe. Akiandika kwamba ni cha mtindo wa Louis wa 16, hajadhamini lolote kuhusu umri. Kinaweza kuwa cha mwaka 1900 au cha juzi. Vivyo hivyo, mchoro unaosemwa ni wa fulani ni jambo moja, unaohusishwa naye ni jambo la pili, na uliochorwa kwa kumwiga ni la tatu lisilo na dhamana. Mnunuzi anayeelewa tofauti hizo huomba risiti iandikwe kikamilifu kabla hajatoa pesa, na muuzaji mwaminifu hakasiriki. Muuzaji naye analazimika kutunza rejesta inayoonyesha kila kitu alichonunua na aliyemuuzia, ambayo polisi wanaweza kuidai wakati wowote.

Sheria hizo hazikuzuia kashfa iliyoifikia ikulu yenyewe. Mwaka 2016 iligundulika kwamba baadhi ya viti ambavyo Versailles ilikuwa imevinunua kama viti vya kifalme vya karne ya 18 vilitengenezwa na fundi wa zama hizi, akishirikiana na mmoja wa wataalamu walioheshimika kabisa wa viti vya Kifaransa. Mahakama ya Pontoise iliwahukumu wote wawili mwezi Juni 2025. Kilichowaponza wakaguzi ndicho kilichokuwa silaha yao tangu enzi za Verlet: madaftari. Daftari likisema seti ilikuwa na viti kadhaa na viwili havijulikani vilipo, kila mtu husubiri viwili hivyo vijitokeze, na mghushi aliyesoma daftari hilohilo anajua vipimo gani vinangojewa.

Biashara ya mtaa imebadilika kwa sababu zilizo mbali na ughushi. Kabati kubwa za mbao nyeusi zilizokuwa fahari ya kila familia ya Kifaransa yenye uwezo zimeshuka bei sana tangu mwanzo wa karne hii, kwa kuwa nyumba zimekuwa ndogo na vijana wanapendelea taa na viti vya miaka ya 1950 hadi 1970. Kwa bei ya samani mpya za kiwandani, mtu anaweza leo kupata kabati la droo la karne ya 19 lililounganishwa kwa mkono. Wauzaji kadhaa huuza zaidi kupitia intaneti kuliko dukani, na maduka mengi hufunguliwa siku za mwisho wa wiki tu.

Vitu vyenye asili ya wanyama vina masharti yake. Kazi za mtindo wa André-Charles Boulle, fundi wa Louis wa 14, hupambwa kwa shaba na gamba la ng'amba, bidhaa ambayo pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiiuza nje tangu karne za kwanza za kalenda ya Kikristo. Vishikio, funguo za piano na vijisanamu vingi vya karne ya 19 ni vya pembe za ndovu, na Unguja ilikuwa miongoni mwa masoko makuu ya pembe duniani karne hiyo. Ufaransa ilibana biashara hiyo mwaka 2016, na Umoja wa Ulaya ukaongeza masharti mwaka 2022: hata kitu kilichotengenezwa kabla ya 1947 huhitaji cheti ndipo kiuzwe.

Kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 50 kinachozidi kiwango fulani cha thamani, kiwango kinachotofautiana kati ya samani, michoro na vitabu, hakitoki Ufaransa bila kibali. Serikali inaweza kukinyima kibali kwa kukitangaza kuwa hazina ya taifa, na hapo inakuwa na miezi 30 ya kutafuta fedha za kukinunua kutoka kwa mwenyewe. Miezi hiyo ikipita bila serikali kutoa bei, kwa kawaida haiwezi kukataa tena, na kitu kinaondoka. Samani kadhaa zilizopigwa mnada mwaka 1793 zimerudi ikuluni kwa njia hiyo au kwa msaada wa wafadhili, kila moja kwa bei ambayo madalali wa mapinduzi wasingeisadiki.